Miunganisho kumi na wageni wa Maulidi: jinsi ya kupanga akiba ya miunganisho ya hifadhidata

Mwishoni mwa Mfunguo Sita mji wa Lamu hufurika. Watu huja kwa Maulidi ya Riyadha kutoka Mombasa, Tanzania, Comoro na bara, nyumba za wageni hujaa mpaka darini, na kila mwenye boti ya kuvusha watu kutoka Mokowe ana kazi tangu alfajiri. Tuseme kuna mfumo wa kuwekea nafasi: mgeni anafungua tovuti kwenye simu, anatazama nyumba zilizo wazi Mkomani, Langoni au Shela, anachagua moja, analipa kwa M-Pesa, anapata risiti. Mfumo huu ni wa mfano tu, lakini maradhi yake yapo kila mahali. Mwaka mzima unakwenda vizuri. Ikifika wiki ya Maulidi, unaganda.

Mwenye nyumba ya wageni anampigia simu kijana aliyeutengeneza: "Mwanangu, kitu chenu chazunguka tu, na wageni wangu washafika Mokowe." Kijana anaingia kwenye seva. Prosesa inatumika asilimia kumi, kumbukumbu ipo tele, diski imekaa bure. Lakini logi ya programu imejaa malalamiko ya aina moja: nimesubiri muunganisho wa hifadhidata sekunde 30, sikuupata. Basi anafanya lile ambalo karibu kila mtu hulifanya. Anatafuta kwenye mipangilio palipoandikwa 10, anaandika 100, anawasha programu upya. Mfumo unapumua dakika kadhaa, kisha unaganda tena, na mara hii hata yeye mwenyewe akijaribu kuingia kwenye hifadhidata aone kuna nini, anakataliwa: nafasi zimekwisha.

Namba hiyo aliyoibadilisha ni ukubwa wa akiba ya miunganisho. Watu huichukulia kama ukubwa wa mlango: wateja wakiongezeka, panua. Mimi nashikilia kwamba wingi wa wateja hauiamui namba hiyo. Inaamuliwa na uwezo wa mashine inayobeba hifadhidata, na miunganisho isipotosha, jambo la kwanza la kutazama ni muda ambao kila ombi linaushikilia muunganisho kabla ya kuurudisha.

Kwa nini miunganisho iwekwe akiba

Programu inapotaka kuzungumza na hifadhidata kama PostgreSQL haianzi na swali. Kwanza njia ya mtandao, ile ya TCP, hufunguliwa. Kisha pande mbili hukubaliana kuhusu usimbaji fiche. Kisha nenosiri huthibitishwa, na kwa utaratibu wa SCRAM-SHA-256, ambao ndio wa kawaida tangu toleo la 14, uthibitisho huo peke yake ni majibizano kadhaa. Ukijumlisha yote, ujumbe umekwenda na kurudi mara tano au sita kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Programu na hifadhidata zikiwa katika kituo kimoja cha data, hutaona kitu. Lakini programu ikiwa kwenye kompyuta ya ofisi Malindi na hifadhidata iko Frankfurt, na kila kwenda na kurudi kukala, tuseme, milisekunde 150, basi karibu sekunde nzima imeliwa na taratibu za kufunguliana, kwa ajili ya swali linalojibiwa kwa milisekunde mbili.

Upande wa pili kuna gharama nyingine. PostgreSQL huzaa prosesi mpya kwa kila muunganisho, yaani programu ndogo inayojiendesha peke yake, yenye kumbukumbu yake na mambo yake ya kuandaa. MySQL, hifadhidata nyingine, hutumia thredi, yaani uzi wa kazi ndani ya prosesi moja, ambayo ni nyepesi zaidi, lakini nayo haiji bure. Ukifungua na kufunga kwa kila ukurasa unaotazamwa, seva inashinda ikizaa na kuzika.

Kwa hiyo programu hufungua miunganisho michache mapema na kuiacha wazi. Ombi likija, linaazima mmoja, linauliza linachotaka, linaurudisha. Kumbuka kwamba ndani ya msimbo amri ya kufunga muunganisho, ile `close()`, haifungi chochote pale penye akiba. Maana yake ni kurudisha. Asiyelijua hili hudhani anaokoa rasilimali kwa kuchelewa kufunga.

Karibu kila lugha ina chombo chake, na kila chombo kina mazoea yake. Kwenye Java wengi hutumia HikariCP, ambayo Spring Boot, kiunzi cha kujengea programu za Java, huja nayo tangu toleo la 2.0 la mwaka 2018. Usipoigusa, hukupa miunganisho 10. SQLAlchemy ya Python hukupa 5 na ruhusa ya kuongeza 10 ya dharura. Maktaba ya `pg` ya Node.js hukupa 10. Go ndiyo ya kuangalia kwa makini: `database/sql` haina kikomo chochote mpaka ukiweke mwenyewe, na wakati huohuo huacha miunganisho miwili tu iliyo huru ibaki wazi. Kukiwa na msongamano itafungua mamia, kisha iifunge, kisha ifungue tena. Django kwa miaka mingi haikuwa na akiba hasa, ilikuwa na `CONN_MAX_AGE` ya kuacha muunganisho uishi baada ya ombi. Akiba ya kweli kwa PostgreSQL ilikuja na toleo la 5.1 mwaka 2024.

Punda hamsini katika kichochoro kimoja

Sasa tuje kwenye namba. Ndani ya mji wa kale wa Lamu mchanga na mawe ya kujengea hubebwa na punda. Ukiwa na punda kumi, mzigo wafika. Ukitia punda hamsini katika kichochoro kilekile, mzigo unaofika kwa saa hauongezeki. Wanaongezeka punda waliosimama wakitazamana, na aliyebeba cha haraka amekwama nyuma ya aliyebeba kokoto. Upana wa kichochoro ndio uwezo wa mashine ya hifadhidata.

Mashine yenye viini vinne vya prosesa hufanya mambo manne kwa wakati mmoja, basi. Ukiipa maswali mia kwa pamoja, itayapa kila moja kipande kidogo cha muda, iliweke kando, ichukue jingine. Kila kubadilishana kuna gharama: data iliyokuwa imesogezwa karibu na prosesa inasukumwa nje, maswali yanagombea kufuli zilezile, diski inarukaruka. Maswali yote mia yanakwisha, lakini kila moja limechelewa kuliko kama tisini yangesubiri nje kwenye foleni na kumi yakapita haraka.

Kwa nini basi isiwe nne hasa? Kwa sababu swali halili prosesa muda wote. Kuna nyakati linasubiri diski au mtandao, na katika mwanya huo kiini kinaweza kumhudumia mwingine. Ndiyo maana jumuiya ya PostgreSQL imekuwa ikitumia kanuni hii kama mahali pa kuanzia: viini mara mbili, ongeza idadi ya diski zinazofanya kazi kweli. Mashine yetu ya viini vinne na diski moja inapata 9. Kanuni hiyo ilitoka enzi za diski zinazozunguka, na kwa SSD sehemu ya pili haina maana iliyo wazi, kwa hiyo usiishike kama aya. Ichukue, izungushe iwe 10, kisha pima.

Kuna onyesho la wahandisi wa Oracle ambalo watu wa HikariCP hupenda kulitaja: kwa kupunguza tu ukubwa wa akiba, bila kugusa kitu kingine, muda wa kujibu ulishuka kutoka karibu milisekunde 100 hadi karibu milisekunde 2. Kupunguza. Wengi wetu hatujawahi hata kulijaribu.

Kumi inaonekana ndogo mno kwa mji mzima wa wageni, kwa sababu tunahesabu vichwa. Hesabu inayofaa ni ile ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: wastani wa vilivyomo ndani ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Mfumo ukipokea maombi 40 kwa sekunde, na kila ombi likishika muunganisho milisekunde 25, basi 40 mara 0.025 ni 1. Muunganisho mmoja ndio unaotumika kwa wastani. Wale wageni elfu moja walio kwenye tovuti wanafanya nini? Wanasoma, wanakuza picha ya chumba, wanamwuliza mke, wanajibu WhatsApp. Hakuna hata mmoja wao anayehitaji muunganisho kwa kufikiri. Kwa kuwa maombi hayaji kwa mpangilio, huja kwa vishindo, ndiyo tunaweka nafasi ya ziada. Lakini kati ya 1 na 10 ziada ipo ya kutosha.

Basi Maulidi iliharibika wapi

Kama mmoja angetosha, kumi ilikwishaje na prosesa haina kazi? Hapo panataka msimbo ufunguliwe. Sehemu ya malipo ya mfumo wetu wa mfano inafanya hivi: inaanza muamala wa hifadhidata, yaani hatua kadhaa zinazokamilika zote kwa pamoja au zisikamilike kabisa, inasoma na kuufunga kwa kufuli mstari wa nyumba husika kwa `SELECT... FOR UPDATE`, ili mtu mwingine asiichukue. Inatuma ombi la malipo la M-Pesa kwenye simu ya mgeni. Inasubiri, kila sekunde mbili ikiuliza kama amelipa. Akilipa, inaandika malipo na kukamilisha muamala. Ukiisoma juujuu ni mantiki safi. Nyumba imefungwa, malipo yamekuja, kila kitu ndani ya muamala mmoja.

Mtazame mgeni sasa. Yuko kwenye boti, jua linapiga kioo cha simu, dirisha la PIN limetokea. Anatafuta miwani. Anakumbuka salio halitoshi, anamwomba kaka yake amtumie. Mwingine amelipuuza dirisha kabisa mpaka likajifuta. Tuseme kwa wastani sekunde 20. Muda wote huo muunganisho umeshikwa, nayo hifadhidata haifanyi lolote. Malipo mamoja kwa sekunde, mara sekunde 20: miunganisho 20. Akiba ina 10. Kuanzia hapo, hata mtu anayetaka kutazama tu ukurasa wa mbele, swali la milisekunde tatu, anapanga foleni nyuma ya miwani ya mtu mwingine.

Kwa 100 mambo hayakupona kwa sababu ya ile kufuli. Nyumba iliyo karibu na msikiti wa Riyadha inatakiwa na watu thelathini. Mmoja ameishika, ishirini na tisa wanasubiri kufuli ifunguliwe, na kila mmoja anayesubiri ana muunganisho wake mkononi. Nyumba nne za namna hiyo zinatosha kumaliza hata hiyo 100. Na kwa kuwa PostgreSQL usipoibadilisha huruhusu miunganisho 100 kwa jumla, mitatu kati yake ikiwa imetengwa kwa ajili ya msimamizi mkuu, programu iliyopewa 100 imekula 97 zote zilizo wazi kwa watumiaji wa kawaida. Ndiyo maana kijana alifungiwa nje.

Dawa ni kuukata muamala vipande. Kipande cha kwanza: andika kwamba nyumba hii imeshikiliwa na mgeni fulani hadi dakika kumi kutoka sasa, kamilisha, rudisha muunganisho. Milisekunde chache. Kisha tuma ombi la M-Pesa ukiwa huna muunganisho wowote. Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, haukutaki usubiri hata kidogo: hujibu papo hapo kwa namba ya ombi, na matokeo huyatuma baadaye kwenye anwani ya kupokelea majibu uliyoitaja ndani ya ombi. Yakifika, kipande cha pili kinaazima muunganisho, kinaandika malipo, kinathibitisha nyumba, kinarudisha. Nyumba ambazo dakika kumi zimepita bila malipo huachiliwa na kazi ndogo inayopita kila dakika. Baada ya hapo malipo hayatumii hata muunganisho mmoja kwa wastani, na 10 ni nyingi.

Kosa hili lina sura nyingi. Barua pepe inayotumwa katikati ya muamala. Picha inayopakiwa kwenda hifadhi ya mbali huku mstari wa jedwali umefungwa. Kwenye Spring, tangazo la `@Transactional` lililowekwa juu ya kazi nzima kwa sababu ni rahisi kuliko kuigawa. Na Spring Boot ina jambo lake jingine: mpangilio wa `open-in-view` huja umewashwa, na unaweza kuacha muunganisho ukiwa umeshikwa mpaka jibu lote liwe limetayarishwa. Uzime. Yatatokea makosa ya data iliyochelewa kusomwa, yarekebishe, na bado utakuwa umefaidika.

Kuiuliza hifadhidata yenyewe

Kabla ya kugusa namba yoyote, uliza. PostgreSQL ina jedwali la kutazamia linaloonyesha kila muunganisho uko katika hali gani:

```
SELECT state, count(*), max(now() - state_change) AS muda
FROM pg_stat_activity
WHERE datname = 'wageni'
GROUP BY state;
```

Majibu yake ndiyo yanayotenganisha maradhi yanayofanana kwa nje. Ukiona mengi yameandikwa `idle in transaction`, na muda wake ni sekunde nyingi, ni ile habari ya miwani: programu imeanza muamala, haijaukamilisha, na inafanya jambo jingine. Hifadhidata haina kosa. Unaweza kuweka `idle_in_transaction_session_timeout` ili PostgreSQL ikate yenyewe muunganisho uliokaa hivyo kupita kiasi, na mimi naiona ni ulinzi mzuri, lakini ni kinga ya usiku wa shari tu. Msimbo bado unataka kurekebishwa.

Ukiona mengi ni `active`, tazama safu ya `wait_event_type` kwenye jedwali hilohilo. Ikisema `Lock`, wanasubiriana. Tafuta aliyeshika kufuli. Ikiwa tupu, basi maswali yanafanya kazi kweli na yamekuwa mazito. Hapo mara nyingi kinachokosekana ni faharasa, ile orodha inayoisaidia hifadhidata kuupata mstari bila kupekua jedwali zima, na kuongeza akiba ni kuongeza punda.

Hali ya tatu ndiyo inayochanganya watu: hifadhidata inasema karibu yote ni `idle`, yamekaa tu, na programu inasema hakuna hata mmoja ulio huru. Pande zote mbili zinasema kweli. Miunganisho imevuja: msimbo fulani uliazima, ukapatwa na hitilafu au ukatoka mapema, na haukurudisha. Dalili yake ni kwamba mfumo huharibika polepole, kwa siku, na hupona kabisa ukiwashwa upya, mpaka siku nyingine. Wapo wanaoponya kwa kuwasha upya kila usiku saa nane, na wanaishi hivyo miaka. Njia ya kudumu ni kutoandika kurudisha kwa mkono: tumia `with` kwenye Python, try-with-resources kwenye Java, `defer` kwenye Go. Kwenye Node kosa hujificha kwa anayeazima kwa `pool.connect()` kisha akasahau `release()` ndani ya `finally`. Kwa swali moja lisilo na muamala, `pool.query()` hukurudishia yenyewe. HikariCP ina `leakDetectionThreshold`: ipe sekunde kadhaa, nayo itaandika kwenye logi mstari wa msimbo ulioazima na kupitisha muda huo. Ni kama kupewa jina la mdaiwa.

Namba nyingine zilizo jirani

Muda wa kusubiri muunganisho. HikariCP na SQLAlchemy zote huja na sekunde 30. Kwa mtu mwenye simu mkononi sekunde 30 ni milele. Kufikia hapo amebonyeza upya mara nne, na kila alipobonyeza ameongeza ombi jingine kwenye foleni huku la kwanza likiwa bado limo. Foleni inajilisha yenyewe. Mimi huweka kati ya sekunde 2 na 5, na programu imwambie mtu waziwazi kuwa kuna msongamano, ajaribu baada ya muda. Maktaba ya `pg` ya Node ina tabia mbaya zaidi: isipoambiwa, `connectionTimeoutMillis` ni 0, yaani husubiri bila mwisho na bila neno. Kwenye logi hutaona kitu.

Umri wa muunganisho. MySQL hukata muunganisho ambao haujaulizwa lolote kwa sekunde 28,800, yaani saa 8. Wakati wa msimu hii haitokei. Njoo mwezi wa tano, kusi imeshika, mvua za masika, hoteli kadhaa za Malindi na Shela zimefunga milango. Tangu saa tatu za usiku hakuna aliyefungua tovuti. Asubuhi saa mbili mgeni wa kwanza anapata ukurasa wa hitilafu. Wa pili naye vilevile, mpaka miunganisho iliyokufa iishe. Fundi akija saa nne kila kitu ni kizima. SQLAlchemy ndiyo hupatwa sana na hili kwa sababu `pool_recycle` huja imezimwa, na `pool_pre_ping`, inayojaribu muunganisho kabla ya kuutoa, nayo huja imezimwa. Washa hiyo ya pili. Gharama yake ni safari moja fupi ya kwenda na kurudi. HikariCP hustaafisha kila muunganisho baada ya dakika 30, kwa tofauti ndogo kati ya mmoja na mwingine ili isife yote kwa mpigo.

Sheria ni kwamba umri uwe mfupi kuliko wa yeyote anayeweza kukata njiani, na mkataji si hifadhidata peke yake. Mitandao ya wingu hukata kimyakimya: NAT ya AWS, kile kifaa kinachopitisha mawasiliano kati ya mitandao, kwa mfano, huisahau njia iliyokaa sekunde 350 bila kupitisha kitu. Programu inayofika kwenye hifadhidata kupitia hapo inahitaji kugusagusa miunganisho iliyolala, na HikariCP ina `keepaliveTime` kwa kazi hiyo.

Idadi ndogo kabisa ya kubakiza wazi: iache iwe sawa na ya juu. Wenye HikariCP wenyewe wanashauri hivyo, na sababu ni nyepesi. Akiba inayopungua usiku na kukua mchana huanza kufungua miunganisho mipya saa ileile ya msongamano.

Mkwamo. Kama ombi moja huazima miunganisho miwili kwa wakati mmoja, mathalani wa pili kwa ajili ya kuandika kumbukumbu ya ukaguzi katika muamala wake, basi thredi kumi zinaweza kushika mmoja mmoja na zote zikasubiri wa pili ambao haupo. Kwa thredi kumi unahitaji angalau 11, ili mmoja wao amalize na kuwaachia wengine. Afadhali kuondoa hilo hitaji la wa pili.

Namba huzidishwa

Akiba ni ya prosesi moja. Hili husahauliwa kuliko yote. Mtu anaandika programu ya Python, anaiendesha kwa Gunicorn, seva ya programu za Python, yenye prosesi nne, SQLAlchemy ikiwa na 5 na ziada 10. Kila prosesi ina akiba yake: 15 mara 4 ni 60. Msimu unakaribia, anaongeza seva ya pili: 120. PostgreSQL inaruhusu 97. Hakuna aliyeandika 120 mahali popote, lakini ndiyo iliyopo. Ongeza kazi za usiku, ripoti za mhasibu, na chombo cha kutazamia hifadhidata ambacho kila mmoja ofisini amekiacha wazi kwenye laptopu yake.

Tena kuna siku ya kuweka toleo jipya. Ukiwasha jipya kabla ya kuzima la zamani, kwa dakika chache una nakala maradufu na miunganisho maradufu. Kwa hiyo anza na uwezo wa hifadhidata, toa nafasi chache za wasimamizi na kazi za pembeni, kisha gawa kwa idadi ya juu kabisa ya prosesi zitakazokuwepo kwa wakati mmoja, siku ya toleo jipya ikiwemo. Kwa mfumo wetu wa viini vinne wenye seva mbili za prosesi nne nne, prosesi ni 8, na 16 siku ya toleo jipya, kwa hiyo hilo linakushusha hadi `pool_size` ya 1 na `max_overflow`, ile ziada ya dharura, ya 0. Watu huona haya kuandika namba ndogo hivyo.

Prosesi zikiwa nyingi mno kiasi cha kwamba mgawanyo hauna maana, kama kwa zile kazi za wingu zinazozaliwa na kufa kwa kila ombi, weka mpatanishi katikati. Kwa PostgreSQL anayejulikana zaidi ni PgBouncer, aliyezaliwa Skype na kutolewa mwaka 2007. Programu mia zinaunganika kwake kwa gharama ndogo, naye anashika miunganisho michache ya kweli kwenda kwenye hifadhidata. Faida kubwa iko katika hali ya muamala, ambapo muunganisho wa kweli hurudishwa mara muamala unapokwisha. Bei yake ni kwamba chochote ulichokiweka juu ya kikao, yaani juu ya muunganisho uleule, hakina uhakika wa kukufuata: amri za `SET`, `LISTEN`, kufuli za kikao. Maswali yaliyotayarishwa mapema nayo yalikuwa yakivunjika hapo, mpaka toleo la 1.21 la mwaka 2023 lilipoyakubali, na kwa hayo ni lazima `max_prepared_statements` iwe zaidi ya 0. Mwenye seva mbili hamhitaji PgBouncer. Inamtosha kuzidisha vizuri.